Fremu Huchaguliwa kwa Njia

Ndugu askari, pikipiki ya mashindano ya miamba haisifiwi kwa mbio. Katika mchezo huo, mpanda pikipiki akikanyaga chini hupoteza pointi.

Mwaka 1964 bingwa Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, alijiunga na kiwanda cha Bultaco cha Uhispania, akashiriki kuunda Sherpa T. Mwaka 1965 aliishindia mashindano ya siku sita ya Uskoti.

Katika pikipiki za aina hiyo, shingo ya usukani iliyo wima zaidi na magurudumu yaliyokaribiana hurahisisha kona finyu. Injini iliyoinuliwa hupita juu ya mawe. Lakini umbo hilo hilo hupunguza utulivu katika mwendo wa kasi.

Basi, sisi wapiga doria tuitazame njia kwanza, fremu baadaye. Tarishi aliyeanguka hafikishi ujumbe.