Maji Yasipofika Kwenye Moto

Ukurasa huu wa Afya umezoea kuzungumzia malaria, kichocho na lishe ya watoto wachanga. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuinue macho darini. Kuungua na kuvuta moshi ni mambo yanayozuilika, kama ilivyo kwa maradhi mengi, na hutupata vibaya zaidi tunapolala wengi chini ya paa moja: bwenini, wodini, hosteli.

Hatujasahau Juni 1994, wasichana zaidi ya 40 walipoteketea bwenini Shauritanga, wilayani Rombo. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, na Septemba 2024 watoto 21 Hillside Endarasha, Nyeri. Wala si msiba wa nchi maskini peke yake. Tarehe 1 Desemba 1958, moto katika shule ya Kikatoliki ya Our Lady of the Angels, Chicago, uliua wanafunzi 92 na masista 3. Jengo lile halikuwa na vinyunyizio vya kuzimia moto.

Mabweni yetu mengi nayo hayana. Lakini katika hospitali mpya, hosteli za ghorofa na kumbi tunaanza kuviona, vile vidude vidogo vya chuma vinavyochungulia kutoka darini. Tatizo tunaloliona ni kwamba vikishafungwa, watu hudhani kazi imekwisha. Kumbe kinyunyizio kilichozibwa njia ni kama dawa iliyobaki kwenye chupa.

Tueleze kwanza kinavyofanya kazi. Wengi wanafikiri kimoja kikifunguka, vyote hufunguka na kulowesha jengo zima. Sivyo. Aina iliyo ya kawaida majumbani mwetu ina kichupa cha kioo chenye kimiminika. Kile chekundu hupasuka joto lifikapo nyuzi 68 za Selsiasi. Kinapasuka kile tu kilichopatwa na joto. Maji hutoka, hugonga kisahani chenye meno, yakatawanyika kama mwavuli uliofunguliwa. Februari 1991 mjini Philadelphia, Marekani, jengo refu la One Meridian Plaza liliungua kuanzia ghorofa ya 22, na askari watatu wa zimamoto walikufa. Moto ulipanda ghorofa kwa ghorofa hadi ya 30, ambako kulikuwa na vinyunyizio. Vikafunguka 10 tu, moto ukaishia hapo.

Sasa, hewa ya moto hupanda na kutambaa chini ya dari. Kwa hiyo kinyunyizio lazima kikae karibu na dari, ama sivyo kitachelewa kupata joto huku godoro linawaka. Lakini huko huko darini ndiko ziliko boriti za zege, mabomba mapana ya hewa, taa za mirija na mapangaboi. Ule mwavuli wa maji ukigonga boriti, upande wa pili hubaki pakavu, na moto uliopo pale huendelea kukua bila kusumbuliwa. Fikirini kwamba mahali pa kinyunyizio pamewekwa balbu: penye kivuli, maji nayo yatapata shida kufika. Si kipimo cha fundi, ila humsaidia hata mama wa jikoni kuona kasoro.

Mafundi wengi hufuata kanuni za Marekani ziitwazo NFPA 13. Kwa kinyunyizio cha kawaida, kitu chembamba kama nguzo kinatakiwa kiwe mbali angalau mara tatu ya upana wake. Nguzo ya sentimeta 20 iachiwe sentimeta 60. Kwa boriti, kama kinyunyizio kiko chini ya sentimeta 30 kutoka ubavuni mwake, kisahani kisiwe juu ya usawa wa chini wa boriti hata kidogo. Kikisogea mbali zaidi huruhusiwa kupanda kidogo kidogo, na fundi ana jedwali la hayo. Bomba la hewa lenye upana unaozidi meta 1.2 huwekewa vinyunyizio vyake chini yake. Yaliyobaki tuwaachie wenye kazi yao.

Yaliyo yetu ni mengine. Stoo ya dawa ndiyo inayotutia hofu kuliko vyote. Maboksi ya dripu na pamba hupangwa mpaka yaguse dari, kwa sababu stoo ni ndogo na shehena imefika yote siku moja. Kati ya kisahani na boksi la juu iachwe nafasi ya sentimeta 45, chumba kizima, hata pale ambapo hapana kinyunyizio juu yake moja kwa moja. Tungeshauri mstari mwekundu uchorwe ukutani ili hata kibarua wa siku moja aone mwisho.

Wodini kuna mapazia ya kuzungushia kitanda. Yakitoka darini yakiwa kitambaa kizito, mgonjwa yumo ndani ya hema lisilopitisha maji. Sehemu ya juu, kama sentimeta 56 kutoka dari, iwe ya wavu wenye matundu makubwa. Masista wanaoshona mapazia wenyewe wanaweza kuongeza wavu huo bila kumsubiri mtu.

Hosteli, vijana hutundika nguo kwenye mabomba ya vinyunyizio. Kichupa kikivunjika, chumba hulowa, kisha mtu hufunga koki kuu na kusahau kuifungua. Mpaka rangi naye ana dhambi zake: kinyunyizio kilichopakwa rangi hakikwanguliwi, hubadilishwa.

Na patisheni! Ofisi moja hugawanywa mbili kwa mbao hadi darini, kinyunyizio kikabaki upande mmoja tu. Kamati ya ujenzi ya parokia inapopanga kugawa chumba, imwite fundi wa mabomba ya moto kabla mbao hazijanunuliwa, maana kuhamisha bomba silingi bodi ikishafungwa ni gharama mara mbili. Kwa Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo na kutoa ushauri. Namba yao ya dharura ni 114.