Rubani Anayeficha Maumivu

Jirani yangu, rubani, alinikiria kwamba humeza vidonge vya maumivu ya tumbo kwa siri, asije akapokonywa leseni. Simlaumu, leseni ndiyo unga wa wanawe. Lakini kijiwe kikiziba njia ya nyongo angani, maumivu humkunja mtu ghafla, na abiria hawana pa kushukia.

Vijiwe huonekana kwa picha ya mawimbi ya sauti. Kibofu cha nyongo hutolewa kupitia matundu madogo. Tezi ya thairoidi, shingoni, ikizidisha homoni, moyo hwenda mbio na mikono hutetemeka. Ikizipunguza, mtu huzubaa. Kipimo cha damu huibainisha, dawa huituliza. Akishapona, rubani huweza kuruhusiwa kuruka tena. Ninalowauliza waajiri ni hili: miezi anayosubiri ardhini, wanawe hula nini?