Mtoto Amepona Degedege, na Ubongo Je?

Huku Ushetu malaria tunaijua. Mtoto akipata degedege akapona, tunamshukuru Mungu na kurudi shambani. Miezi ikipita tunaona amechelewa kusema, au akitumwa anasahau njiani. Tunamwita mkaidi. Wengine husema karogwa.

Huko Kilifi, pwani ya Kenya, daktari wa ubongo Charles Newton na wenzake walifuatilia watoto wa namna hiyo. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kuwa karibu robo ya waliowahi kuugua malaria kali walibaki na kasoro ya akili, usemi au viungo. Kwa wasiougua hivyo, ni kama mmoja katika kumi.

Lakini mtoto wa kijijini utampimaje? Vipimo vya Ulaya humwonyesha vitu asivyowahi kuviona, kisha husema hana akili! Hapo ndipo tunapompendea Profesa Amina Abubakar, mwanasaikolojia Mkenya aliyefanya kazi na Newton. Yeye na wenzake walitengeneza kipimo cha Kilifi, kilichochapishwa mwaka 2008, cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Mtoto huangaliwa anavyotembea, anavyoruka, anavyoshika na kupanga vitu vidogo. Hakidai mashine. Baadaye mama huyu aliongoza taasisi ya maendeleo ya binadamu ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Basi ukija kliniki, usiridhike na mizani tu. Mweleze muuguzi degedege lilimpata mtoto lini, na ni jambo gani halifanyi ambalo mdogo wake analiweza.