Daraja la Wi-Fi kwa Nyumba ya Usharika: Kamati Ikague Nini Kabla ya Kununua?

Kamati kadhaa za sharika zimekuwa zikituuliza swali linalofanana. Ruta inayotumia laini ya simu ipo sebuleni katika nyumba ya mchungaji, lakini kompyuta ya mezani na printa zilizotolewa na wafadhili ziko chumba cha mwisho, nazo zina tundu la waya tu. Matokeo yake taarifa ya fedha inabebwa kwenye flashi hadi mjini, na mara nyingi inachelewa. Je, kinunuliwe kifaa gani?

Kifaa kinachohitajika huitwa daraja la mtandao. Upande mmoja linapokea mawimbi ya Wi-Fi kutoka kwenye ruta. Upande wa pili lina tundu la waya wa Etheneti unaokwenda kwenye kompyuta au printa. Kompyuta haijui kwamba katikati kuna mawimbi. Kwa sababu hiyo daraja halihitaji programu yoyote ndani ya kompyuta, tofauti na kipokezi kidogo cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kipokezi hicho ni cha bei nafuu, na kwa kompyuta moja kinatosha, ila printa nyingi haziwezi kukitumia.

Hata hivyo, kama umbali hauzidi mita 100 na ukuta unaweza kutobolewa, vuteni waya. Hakuna daraja linaloushinda waya, hata liwe na antena sita.

Dukani, tahadhari ya kwanza ni vikuza mawimbi. Vinafanana na daraja, lakini vingine havina tundu la waya kabisa. Someni boksi: yatafutwe maneno Client au Bridge katika orodha ya namna za kufanya kazi. TP-Link TL-WR802N, kwa mfano, ni kifaa kidogo chenye namna ya Client, na hutumia umeme wa volti 5 kama chaja ya simu.

Jambo linalowasumbua wengi ni hili. Kompyuta moja inafanya kazi vizuri, kisha kamati inaongeza kigawa waya ili printa nayo iunganishwe, na mambo yanaharibika. Sababu ni kwamba katika Wi-Fi ya kawaida ruta inamtambua yule tu aliyejiandikisha kwake, yaani daraja lenyewe. Vifaa vilivyo nyuma ya daraja havina jina kwenye daftari la ruta. Baadhi ya madaraja huvipokelea ujumbe na kuvigawia, mengine hushindwa. Ipo njia iitwayo WDS inayobeba anwani nne badala ya tatu, nayo huondoa tatizo, lakini watengenezaji hawakukubaliana namna moja ya kuitekeleza. Kwa hiyo mkitaka kuunganisha vifaa viwili au zaidi, ni salama zaidi ruta na daraja vitoke kwa mtengenezaji mmoja, na muuzaji athibitishe kwamba vinaelewana. Vifaa vya MikroTik ya Latvia, kwa mfano, vina namna ya daraja inayofanya kazi baina yao wenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba daraja likiwekwa kama ruta ya pili, litatengeneza mtandao wake. Intaneti itapatikana, lakini laptopu ya sebuleni haitaiona printa ya chumba cha mwisho.

Kuhusu kasi, msilipie namba kubwa. Tundu la megabiti 100 kwa sekunde linatosha pale ambapo intaneti yenyewe haifiki huko. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi kuliko yale ya 5, ambayo yana kasi zaidi kwa umbali mfupi.

Kwa marafiki wetu wanaotuma vifaa vilivyotumika, tunashukuru, na tunaomba mambo mawili yaangaliwe kabla ya kufunga mzigo. Daraja liwe na ulinzi wa WPA2 au WPA3. Vifaa vya miaka ya mwanzo ya 2000, kama Linksys WET11, vilitegemea WEP, ambayo udhaifu wake ulijulikana tangu 2001; ili kukitumia kifaa hicho ingebidi kulegeza ulinzi wa ruta yenye hesabu za usharika. Pili, adapta iandikwe volti 100–240. Ile ya Marekani iliyoandikwa 120 peke yake itaungua siku ya kwanza.

Uaminifu wa daraja huonekana umeme ukikatika. Unaporudi, daraja huwaka mapema kuliko ruta, linatafuta mawimbi na kuyakosa. Zuri huendelea kujaribu lenyewe. Baya husubiri mtu aje kulizima na kuliwasha. Fanyeni jaribio hilo wiki ileile ya kununua: zimeni vyote, washeni kwa pamoja, subirini dakika tano bila kugusa kitu. Rudieni mara tatu. Risiti itunzwe na mhazini, na kabla ya kulipa muulizeni muuzaji kama anakubali kifaa kirudishwe ndani ya siku saba. Akikataa, nendeni duka jingine.