Maziwa Yanapotoka kwa Kasi: Mtoto Hajakataa Titi

Mtoto wa wiki tatu anawekwa titini. Ananyonya kwa muda mfupi, kisha anapaliwa, anakohoa, anajinyoosha nyuma na kulia, huku maziwa yakilowesha khanga ya mama. Hali hiyo ikijirudia, maneno huanza kusikika nyumbani: maziwa yamechacha, mtoto ana chango, mtoto amekataa titi. Kwa sababu ya maneno hayo, baadhi ya akina mama huanza kumpa mtoto maji, uji mwepesi au dawa za chango, ilhali maziwa yao hayana kasoro yoyote.

Mara nyingi kinachotokea ni kwamba maziwa hutoka kwa kasi kuliko mtoto awezavyo kumeza. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni inayoyasukuma maziwa kuelekea kwenye chuchu. Katika wiki za mwanzo, kabla mwili haujazoea kiasi ambacho mtoto anahitaji, msukumo huo huweza kuwa mkubwa. Mtoto huwa kama mtu anayekunywa kwenye bomba lililofunguliwa lote. Hugugumia pamoja na hewa, tumbo hujaa gesi, hucheua mara kwa mara, na pengine hupata choo cha kijani chenye povu. Kwa akina mama wengi hali hii hupungua yenyewe mtoto anapofikisha miezi miwili au mitatu.

Katika kipindi hicho, mama anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Anyonyeshe akiwa ameegemea nyuma, mtoto akiwa kifuani pake, tumbo kwa tumbo. Au walale ubavu wakitazamana.

2. Mtoto akianza kupaliwa, amwondoe kwa upole, aache maziwa ya mwanzo yamwagikie kwenye kitambaa safi, kisha amrudishe kasi ikipungua.

3. Ampumzishe na kumbeulisha katikati ya kunyonya na baada ya kunyonya.

4. Amnyonyeshe kabla njaa haijamzidi, kwani mtoto mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu.

5. Asikamue maziwa mengi kila mara, kwa kuwa kadiri yanavyotolewa ndivyo mwili unavyotengeneza mengine. Akamue kidogo tu, titi linapokuwa gumu.

Maji na uji si tiba ya tatizo hili. Kwa miezi 6 ya kwanza, maziwa ya mama pekee humtosheleza mtoto kwa chakula na kwa maji, hata wakati wa joto kali. Maji na uji hulijaza tumbo lake dogo, hupunguza unyonyaji na huweza kumletea kuhara. Baada ya miezi 6 ataanza chakula cha nyongeza, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Namna ya kujua kwamba mtoto anapata maziwa ya kutosha ni kuangalia mambo mawili: analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito katika kadi yake ya kliniki unapanda. Mstari usipopanda, mama amweleze muuguzi na aombe amtazame akinyonyesha.

Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, iwapo hawezi kunyonya, ana homa, anapumua kwa shida, midomo inageuka buluu, amelegea au amepata degedege. Mama mwenye titi jekundu lenye maumivu, pamoja na homa, naye afike kituoni bila kuacha kunyonyesha.

Baba, bibi na mama mkwe wana nafasi kubwa katika jambo hili. Kabla ya kumshauri mzazi aache kunyonyesha, wamsindikize zahanati au wamwite mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa mujibu wa Sera ya Afya, huduma kwa watoto walio chini ya miaka 5 hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.