Benki Isiyotoza Riba Hupata Wapi Faida?

Swali hili limekuwa likiulizwa na wafanyakazi wengi wa mijini, Waislamu na wasio Waislamu, tangu benki za aina hii zilipofungua milango yake katika Afrika Mashariki: Kenya mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2011 ilipoanza Amana Bank. Wapo wadhanio kwamba benki hizo hugawa fedha kama sadaka. Wapo pia wasemao kuwa ni benki zile zile, ila zimevikwa kanzu. Makundi yote mawili yamekosea, ingawa hilo la pili, kama utakavyoona, halikukosea sana.

Msingi wa jambo lenyewe umo katika Kurani, sura ya Al-Baqara, kuanzia aya ya 275, ambapo biashara imehalalishwa na riba ikaharamishwa. Wanasheria wa Kiislamu wamefahamu hivi: fedha ni kipimo cha thamani na chombo cha kubadilishana, si bidhaa ya kukodishwa. Atakaye faida hana budi kuuza kitu, kukodisha kitu, au kutia mtaji wake katika kazi na kukubali kwamba kazi hiyo yaweza pia kuleta hasara. Anayekopesha shilingi mia na kudai mia na kumi, huku akijiepusha na kila hatari, amekwisha kutoka nje ya mpaka.

Majaribio yanayotajwa sana ya kuugeuza msingi huo kuwa benki hayakufanywa na matajiri wa mafuta. Yalifanywa mwaka 1963 katika mji mdogo wa Mit Ghamr, kwenye bonde la chini la mto Nile nchini Misri. Mwanzilishi wake, Dakta Ahmad El-Naggar, alikuwa amesoma uchumi Ujerumani Magharibi, na huko akavutiwa na benki ndogo za akiba za wenyeji. Aliporudi kwao aliwakuta wakulima wakificha fedha majumbani, kwa kuwa benki za kawaida hawakuziamini. Akawafungulia hesabu za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa ya akiba: mwenye nayo hakulipwa riba, lakini aliweza kutoa fedha zake wakati wowote na kupewa mkopo mdogo usio na riba. Ya pili ilikuwa ya kugawana faida, na ya tatu ya zaka, kwa ajili ya wenye shida. Mpango ulienea hadi miji mingine, lakini mwaka 1967 ukamezwa na benki za serikali na riba ikarejea. Hata hivyo mbegu haikufa. Mwaka 1971 serikali ya Misri yenyewe iliunda Benki ya Jamii ya Nasser, isiyotoza riba, na mwaka 1975 ikazaliwa Dubai Islamic Bank.

Tuje sasa kwenye kaunta, mahali panapomhusu hasa mfanyakazi. Tuseme wewe ni fundi nguo na unataka cherehani ya shilingi 600,000. Benki ya kawaida itakukopesha fedha hizo na kukutoza riba. Benki ya Kiislamu haitakupa fedha. Itainunua cherehani yenyewe kutoka dukani, iwe mali yake, kisha itakuuzia wewe kwa shilingi 690,000, nawe utalipa shilingi 57,500 kila mwezi kwa miezi 12. Mauzo haya huitwa murabaha. Sharti lake ni kwamba benki ikutajie wazi bei iliyonunulia na faida iliyoongeza.

Bila shaka utauliza: hiyo 90,000 ina tofauti gani na riba? Swali ni la haki, na wapo wataalamu wa Kiislamu wanaoliuliza pia. Benki nyingi hupanga faida yao huku jicho moja likitazama viwango vya riba vya soko. Lakini tofauti zipo, na si za jina tu. Kwanza, mtu haruhusiwi kuuza asichokuwa nacho. Kwa hiyo cherehani ikiungua kabla hujauziwa, hasara ni ya benki. Pili, bei ikishapangwa haipandi tena. Ukichelewa kulipa, benki yaweza kukutoza kitu ili kuwatia adabu wazembe, lakini kwa kanuni zinazofuatwa na wengi fedha hizo huenda kwenye sadaka, wala hazihesabiwi kuwa faida. Anayezijua zile fedha za mitaani zilizopewa jina la “kausha damu”, ambazo deni hukua kila wiki, ataona mara moja uzito wa jambo hili.

Upande wa pili wa shilingi ni huu: kwa kuwa 690,000 ni bei ya mauziano, ukipata fedha na kumaliza deni katika mwezi wa nne, benki hailazimiki kukupunguzia chochote. Nyingi hupunguza kwa hiari. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Tofauti hizo zote zategemea kitu kimoja: benki iwe imeinunua bidhaa kweli. Pale ambapo karatasi tu ndizo zinazozunguka mezani na cherehani haijulikani iliko, maneno ya wale wa “kanzu” yanakuwa kweli. Mwaka 2009 Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikataa mtindo mmoja wa namna hiyo, ambapo benki hupanga mauzo ya bidhaa ambazo mteja hazihitaji, ili mwisho wake apate fedha taslimu.

Na anayeweka akiba? Hapo mkataba aghalabu ni wa mudharaba: wewe unatoa mtaji, benki inatoa kazi. Mkikubaliana sitini kwa arobaini na faida ikawa shilingi 200,000, wewe utapata 120,000 na benki 80,000. Ikitokea hasara, mtaji unaopungua ni wako. Benki imepoteza jasho lake, isipokuwa ikithibitika ilizembea. Wateja wengi huisikia sehemu ya kwanza na kuipita ya pili.

Huko Uturuki waliipita. Mwezi Februari 2001 taasisi ya Ihlas Finans, iliyofanya kazi kwa mfumo huu, ilifungwa wakati nchi nzima ikitikiswa na msukosuko wa fedha. Waliokuwa wameweka akiba zao humo waligundua kwamba bima ya serikali iliyowalinda wateja wa benki za kawaida haikuwahusu wao. Mwaka huo huo taasisi za aina hiyo zilitakiwa kuwa na mfuko wao wa dhamana, na mwaka 2005 sheria mpya ikaziita benki kamili na kuziingiza katika bima ile ile ya wengine.