Wanafunzi wa Handeni na Korogwe wapandishwe jahazi

Handeni na Korogwe hazina pwani, ila zimefungamana na bahari kwa zaidi ya karne. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge wa huko ukawa unashuka bandarini kwenda kusokotwa kamba, zikiwamo za meli. Leo bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita katika wilaya hizo kuelekea Chongoleani, yanakokusudiwa kupakiwa mafuta melini. Hata hivyo, mwanafunzi wa huko anaweza kumaliza kidato cha nne bila kukanyaga chombo chochote cha majini. Wanorwe wana Sørlandet, meli ya matanga iliyojengwa mwaka 1927, ambayo imewahi kuwa shule ya sekondari: wanafunzi walishika zamu, walipanda milingoti, kisha walirudi kwenye hesabu zao. Sisi hatuhitaji kuagiza meli. Majahazi yapo, na manahodha wapo.

Ninachotetea si matembezi. Chombo kinachopiga bisho ili kwenda kinyume na upepo ni somo la vekta ambalo ubao hauwezi kulionyesha, na nahodha anayesubiri bamvua ili avuke fungu anatumia mwezi kama kalenda. Tena mto Pangani wenyewe unapita Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, halafu unamwaga maji Pangani mjini. Maji matamu yalivyopungua, ya chumvi yamezidi kupanda mtoni na kuwasumbua wakulima wa karibu na mlango wake. Darasa likichota maji Korogwe, likachota tena likiwa ndani ya chombo mlangoni mwa mto, likapima chumvi, litakuwa limeunganisha kemia, jiografia na ugomvi wa maji unaowahusu wazazi wao.

Mzazi atauliza juu ya hatari, na ana haki: MV Nyerere ilipinduka Septemba 2018 katika Ziwa Victoria ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Jibu ni idadi ndogo, jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, chombo kilichokaguliwa, na kutotoka nje ya mlango wa mto. Likizo ya Juni isitumike, maana kusi huchafua bahari. Desemba kaskazi huwa pole zaidi. Kuhusu mtihani, fizikia, kemia na biolojia zote zina mtihani wa vitendo, kwa hiyo siku mbili za safari hazitakuwa zimepotea. Pingamizi ninaloliogopa zaidi ni jingine. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia shamba la shule liwe darasa, lakini mahali pengi likawa kibarua, hata adhabu. Jahazi nalo linaweza kuishia hivyo, wanafunzi wakatumwa kufua matanga na kukumba maji tu, kama mwalimu hatapanda akiwa na swali aliloliandaa tangu Korogwe, na nahodha hatalipwa kama mkufunzi.